Wembe wa Jumamosi

Tinde, Alhamisi, Agosti 1975

Kumbe ni ugonjwa wa damu! Na mama mkwe ametangaza mpaka kisimani kwamba madoa haya meusi mwilini nayapata usiku nikicheza na wachawi.

Leo daktari kaniuliza polepole, "Mama Kulwa, mumeo anakupiga?"

"Hapana, daktari. Nikijigonga kidogo tu, damu inavilia."

Akanitoboa ncha ya sikio, akawa anapangusa kwa karatasi huku akitazama saa. Damu ikakataa kukatika. Akasema inachelewa kuganda, niende Mwanza nikapimwe zaidi. Aspirini niache, na wembe usiniguse kabisa.

Naogopa. Mtoto huyu wa tumboni nitamzaaje...

Lakini hasira imeizidi hofu. Jumamosi mama mkwe anamleta mfumu, mganga wa kienyeji, anichanje chale, ati anitoe uchawi mbele ya majirani. Aje tu! Nitamtandikia mganga mkeka. Nitapiga goti, nimwamkie mama mkwe shikamoo kwa adabu zote. Kisha nitayasema maneno ya daktari kwa sauti, wote wasikie, niongeze kwamba desturi ya nyumba hii mkubwa ndiye hutangulia kuchanjwa.

Namjua. Hata sindano ya zahanati humkimbiza.

Mkono nitamshikia mimi mwenyewe.