Jeli Ninayogawana na Mke Mwenzangu

Mpendwa Mama Anjela,

Naomba msaada wako, na kama ni kunicheka, unicheke ukishamaliza kusoma. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa, mume wangu alinileta Makambako biashara zilipofunguliwa na kila mwenye lori akakimbilia njia ya Zambia, yeye anasafirisha mahindi na mbao, mimi nauza chai na chapati pale yanapolala malori, na miaka yote hiyo sijapata mtu wa kumwita wangu, wenyeji wananiona mtu wa pwani na watu wa pwani waliopo hapa ni madereva watupu, jioni nikifunga genge nawasha jiko la mkaa na naongea nalo.

Alipooa mke wa pili, binti wa Kibena huko Njombe, nitamwita Esnath, nilimchukia bila hata kumwona. Baadaye wakaja watafiti wakatukusanya kina mama wauza chakula na wasichana wa gesti, wakasema wanajaribu jeli ambayo mwanamke anajipaka mwenyewe ndani kabla ya kukutana na mumewe, bila kumwomba ruhusa, wanataka kujua kama inaweza kuzuia virusi vya ukimwi. Nilijiunga, maana mume wangu nikimtajia kondomu husema hizo ni za gesti, nyumbani haziingii. Nesi alitueleza wazi kwamba haijajulikana bado kama inakinga, kwamba wengine tunapewa yenye dawa na wengine isiyo na dawa na hata yeye hajui nani kapata ipi, kondomu tusiache, na tusimgawie mtu.

Mimi nikamgawia Esnath. Siku hiyo alishuka na magunia ya viazi, mvua ikamkuta sokoni, akaja kwangu akanisalimu kwa Kibena, "Kamwene, dada," akakaa kwenye jiko langu akalia, akasema akisikia mume wetu yuko njiani anakimbilia kwa wazazi wake akisingizia palizi, anaogopa maradhi ya barabarani. Nikamhurumia, nikaona sisi watatu tunalala shuka moja hata kama nyumba ni mbili, sasa nikijikinga peke yangu nimekinga nini.

Tangu hapo kila siku ya soko anakuja, analeta viazi na pichesi, tunakunywa chai mpaka basi lake liondoke, na yeye ndiye mtu wa kwanza katika mji huu kuniuliza kama nimekula. Lakini yale maneno ya nesi sijamwambia. Ananiambia, "Dada, dawa yako imenipa usingizi," na siku hizi hakimbii tena kwao. Sasa mume wetu amerudi kutoka Tunduma na malengelenge ya mkanda wa jeshi mbavuni, na wewe unajua watu wakiuona husema nini, anajiuguza hapa kwangu na Ijumaa anapanda Njombe kwa mwenzangu. Nikimwambia ukweli atajua nimemdanganya, hatakuja tena, nami nitarudi kuongea na jiko. Nifanyeje?

Bi Mkubwa, Makambako

MAMA ANJELA ANAJIBU

Bi Mkubwa, sijakucheka. Barua yako imeniuma, na baridi ya huko naijua. Ila nikugombeze kidogo, kwa sababu unapendeka na unakosea kwa pamoja. Ulimgawia mwenzako jeli, ukamnyima maneno ya nesi, na katika vyote viwili maneno ndiyo yaliyokuwa na faida ya hakika.

Dawa inayojaribiwa ni daraja ambalo bado linajengwa. Mungu akijalia litatuvusha sisi wanawake tusiosikilizwa tukisema hapana, lakini leo hakuna anayepitisha lori juu yake. Na unapoigawa, wanaoipima hawatajua imefanya kazi kwa nani, na mwanamke wa kesho atachelewa kuipata.

Mkanda wa jeshi nao usiufanye hukumu. Umepiga hodi tu, kipimo cha damu ndicho kitakachosema nani yuko mlangoni.

Kwa mwendo wa posta yetu, Ijumaa uliyoitaja imeshapita, kwa hiyo usingoje siku ya soko. Panda gari uende Njombe wewe, safari hii uwe mgeni wake. Mwambie kabla hujavua kitenge cha mabegani, maana ukishakaa na kupewa chai utaahirisha, nakujua. Mwambie jeli ile huijui ni ipi, na hata ingekuwa yenye dawa, hakuna anayejua kama inakinga. Kisha mwende pamoja mkapime. Ukirudi, nenda kwa nesi useme uligawa. Atakusema, akimaliza kukusema atakusaidia.

Mume naye aambiwe na nyie wawili mkiwa mmekaa pamoja: apime, na mpaka hapo kondomu, la sivyo alale peke yake. Najua gazetini ni rahisi. Lakini mwanamume anayekuta Njombe jibu lile lile aliloliacha Makambako hana pa kwenda kulalamika. Akionekana ana virusi, mpelekeni hospitali, mmuuguze bila matusi.

Sasa hilo unaloliogopa. Huenda Esnath asije tena, na ana haki. Wewe siku ya soko chemsha chai ya watu wawili hivyo hivyo, uweke kikombe chake. Akija, umepata ndugu. Asipokuja utaumia, lakini afadhali akukasirikie akiwa mzima kuliko akushukuru akiwa anakufa.