Njia Katikati ya Kunde

Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia Kiswahili, ingawa wewe na mimi hatukuwahi kugombana wala kucheka kwa Kiswahili. Mambo yetu yalikuwa ya Kikamba, na Kiswahili kilikuwa cha wageni, na cha Baba akikasirika. Lakini kusoma ulijifunza ukubwani, kule kwenye darasa la gumbaru nyuma ya kanisa, na vitabu walivyokuwa navyo vilikuwa vya Kiswahili. Tangu hapo ukawa unaamini kwamba jambo lolote likiandikwa ni lazima liwe kwa Kiswahili, hata orodha ya chumvi na sukari za kununuliwa sokoni. Kwa hivyo usinicheke. Nimekaa mlangoni pa jiko lako, kwenye kile kigoda chenye mguu mmoja mfupi, na kaburi lako naliona kutoka hapa.

Mvua bado. Nianze na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Umeondoka mwaka mbaya, Mama. Mto umebaki mchanga mtupu. Ng'ombe wawili wa kulima Baba aliwauza wakiwa mifupa, kabla hawajajifia wenyewe. Mahindi ya msaada yanagawiwa kwa chifu, yale ya manjano ambayo ulisema hata kuku wako wangeyakataa. Kuku wako wanayala, tena wanagombania. Nchi nzima inakaa gizani kwa mgao wa stima, na hata kule Athi River kiwanda chetu cha nguo kimefungwa kwa muda. Supaviza alitutangazia kwamba cherehani haziendi kwa maombi, twende nyumbani tungoje kuitwa. Ndiyo maana niko hapa. Ulipokuwa hai nilikuwa napata ruhusa ya siku mbili za Krismasi. Sasa niko nyumbani hadi nimechoka kujiangalia, na wewe haupo. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Mama Nduku wa ng'ambo ya bonde anakuja kila Alhamisi, yeye na wale wenzako wa kamati ya akina mama, na vitambaa vyao vyeupe kichwani. Wanaimba, wananisaidia kuteka maji, wanalia kidogo, wanakwenda. Mimi nashukuru. Baba akiwasikia wanapanda mlima anachukua fimbo yake na kutokea nyuma ya choo.

Nataka nikueleze habari za Baba, kwa sababu ndizo zilizonikalisha hapa na kalamu.

Siku tuliyokuzika, mchungaji alihubiri vizuri. Alisema hatukuziki, tunakupanda. Alisema wewe ni mbegu, na mbegu huingia ardhini ikiwa nyonge ikatoka na utukufu. Watu wakasema amina, nami nikasema. Baba alikuwa amesimama kando ya udongo, kofia mkononi. Watu walipomaliza kula na kutawanyika, akaniambia kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha enzi za kazi ya kuchinja Athi River:

"Mimi ni mkulima, mbegu naijua. Mbegu haifungiwi kwa sanduku ya mbao. Hii mwaka nimepanda moja tu, na hiyo haitaota."

Tangu siku hiyo hakuingia kanisani. Koti lake la Jumapili likabaki msumarini. Alikuwa anakaa kando ya ghala tupu tangu asubuhi, jua likimfuata, yeye akihamisha kiti. Sahani nikimpelekea, muthokoi wetu wa mahindi yaliyokobolewa anauchezea kwa kijiko hadi upoe. Baba, Mama! Yule aliyekuwa akikwangua sufuria na kuuliza kama iko ingine. Nilianza kuogopa kwamba kabla ya Krismasi nitachimbisha kaburi la pili kando ya lako, na nitabaki na funguo za nyumba isiyo na mtu.

Nilijaribu kumhubiria. Ilikuwa kazi bure, wewe unamjua. Nilimwambia habari za ufufuo kama nilivyofundishwa Jumapili, akaniuliza kama nimemaliza.

Nikakaa nikakumbuka ulivyofanya kaka yangu Mutua alipofariki. Nilikuwa darasa la sita. Jiwe lilimwangukia kule machimbo ya Lukenya, akaletwa nyumbani nyuma ya pikapu, amefunikwa turubai. Tulimzika Jumamosi. Jumatatu asubuhi wewe ulichukua jembe ukaenda kupanda. Watu walisema mengi. Shangazi alisema mama wa namna gani huyu, machozi hayajakauka anashika jembe. Nami nilikuwa na hasira na wewe, nikakufuata hadi tuta la pili nikuulize. Macho yako yalikuwa yamevimba hadi huoni vizuri, ulikuwa ukipapasa mashimo kwa mguu. Ukaniambia, bila kusimamisha jembe:

"Mutua atafufuka. Siku hiyo ataniuliza, Mama, ulikuwa unafanya nini? Nimwambie nilikaa?"

Maneno hayo nimekaa nayo miaka yote hii, na sikujua ni mazito namna gani. Nilidhani watu wa kanisa wanaoamini ufufuo ni watu wasiolia sana. Wewe ulilia hadi ukaumwa kichwa. Ila kulia kwako kulikuwa na jembe mkononi, kwa sababu ulikuwa na mtu wa kumpa jibu.

Basi mwezi wa kumi ukafika, na mbegu zako zilikuwa bado zinaning'inia juu ya moto, mahindi yamefungwa kwa maganda yake, meusi kwa masizi, na kunde ziko kwenye kibuyu pamoja na majivu. Unakumbuka vita vyenu vya kila mwaka? Wewe ulikuwa mtu wa kupanda kwenye vumbi, kabla hata wingu moja halijaonekana. Baba alikuwa mtu wa kungoja udongo ulowe. "Unalisha mchwa!" alikuwa anakupigia kelele kutoka juu. Nawe unamjibu kwamba mvua haimngojei mtu aende kutafuta jembe. Mvua ikija, yako inachomoza wakati Baba bado ananoa jembe. Akishindwa na hilo, anahamia kwenye njia yako. Kwa maana matuta amechimba yeye na mistari amepima yeye kwa kamba, na wewe ukitoka shambani hukuwahi kuzunguka kwenye ukingo kama binadamu wengine. Ulikata katikati, moja kwa moja hadi mlango wa jikoni, na mzigo kichwani. "Unanikanyagia kunde!" Kila siku ya Mungu. Nilikua nikidhani ndivyo watu wanavyosalimiana jioni.

Mwaka huu Baba aliingia jikoni, akatazama juu, akaniambia nizishushe hizo mbegu nichemshe. Si kwa ubaya. Hapakuwa na chakula, na kwake yeye hapakuwa na sababu ya kuwa na msimu mwingine. Nikamwambia nitachemsha. Kesho yake alipokwenda kwa chifu, nilishusha nusu, nikaenda kuzipanda kwenye vumbi kama ulivyokuwa ukifanya.

Mama, hapa ndipo ungenicheka hadi ukae chini. Miaka ya cherehani imenilainisha mikono. Udongo ulikuwa mgumu kama sakafu, nami nilikuwa na haraka Baba asinikute. Nilikwaruza tu, nikatupia mbegu, nikafunika kwa mguu. Kisha nikaomba. Na ikanyesha! Manyunyu ya jioni moja na asubuhi yake. Baada ya siku chache mahindi yakachomoza, mabichi, yanapendeza kama nini. Nikapiga kelele za haleluya, nikamwita Mama Nduku aje ashuhudie. Nikamshika Baba mkono nikamvuta hadi ukingoni, nikamwambia, umeona? Alitazama majani, akatazama mbingu, akarudi kwenye kiti chake.

Jua likarudi. Kufikia Jumapili iliyofuata kila kitu kilikuwa kimekauka, majani yamejikunja, ukigusa yanavunjika. Nilikaa kwenye tuta nikalia, kwa ajili ya mahindi na kwa ajili yako. Sijawahi kulia hivyo, hata siku ya mazishi. Nilikuwa nimeyafanya yale mahindi yawe wewe. Nilikuwa nimejiambia, yakitoka haya, basi na mama atatoka. Na sasa yamekufa, nami nilikuwa nimeharibu mbegu ambazo wewe ulizitunza kwa moshi wa mwaka mzima.

Sikumsikia Baba akishuka. Alikuja akachuchumaa karibu nami, akang'oa mche mmoja, akaingiza kidole pale ulipotoka. Kidole hakikuzama hata nusu.

"Umepanda juu juu," akasema. "Hii ni mvua ya kudanganya. Mama yako alikuwa anaweka chini, kiganja yote inaingia. Mvua kidogo haiwezi kuamsha hiyo. Inalala mpaka mvua ya ukweli ikuje."

Nilishangaa, kwa sababu miaka yote nilidhani hakuwahi kukutazama ukipanda, alikuwa anapiga kelele tu. Kumbe alikuwa anaangalia hadi kina cha mkono wako. Nami nikajijua pale pale. Imani yangu ilikuwa kama yale mahindi. Nilitaka ichomoze upesi, majirani waje waone. Yako ilikuwa chini sana, Mama, na ndiyo maana msiba wa Mutua haukuichoma.

Baba akainuka, akaenda jikoni. Nilimsikia akishusha mahindi yaliyobaki. Nikasema moyoni, haya, sasa anayachemsha mwenyewe, na ana haki. Nilipofika nikamkuta amekaa kwenye kigoda hiki, anapukusa. Punje za kichwani anaweka kando, za mkiani anaweka kando, zile za katikati tu, kubwa kubwa, anaangushia kwenye kofia yake. Nikasimama mlangoni. Akasema bila kuniangalia:

"Akiniuliza nilikuwa nafanya nini, nitamwambia nini?"

Hapo nikajua alikuwa amekusikia, siku ile ya Mutua. Sijui alikuwa amesimama wapi. Lakini alikusikia, na alikuwa amelibeba neno hilo miaka yote, na sasa ilikuwa imefika zamu yake kujibu.

Tulipanda siku nne. Yeye anachimba, mimi naweka, kiganja chote kinaingia. Udongo ulikuwa mkavu hata ule wa chini, vumbi linatuingia puani. Mama Nduku alipita akatuona, akaacha mtungi wake njiani akaja na jembe. Baba hakukimbia. Jioni ya pili alikula sahani yake, akauliza kama kuna nyingine. Nilikwenda nje nikajipangusa macho kwa leso.

Jumapili iliyopita alivaa koti. Alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na nyimbo hakuimba. Mchungaji akamsalimia kwa mikono miwili, naye akamwambia kwamba yale mahubiri ya mbegu yalikuwa mazuri, ila siku nyingine aseme pia kina.

Sikudanganyi kwamba tumepona. Kuna asubuhi anaita jina lako kabla hajakumbuka. Kuna chungu chako siwezi kukipikia. Na wala mimi si mwalimu wa dini, sijui mwili ulioliwa na udongo unatoka vipi, wala siku hiyo itakuwaje. Wewe mwenyewe hukuwahi kunieleza. Ulikuwa unaishi tu kama mtu aliyeahidiwa mgeni, anayefagia uwanja. Ninachojua ni kwamba Baba alikuwa anakufa kwa sababu aliamini hutarudi, na sasa anaamka kabla yangu.

Wameniita kazini. Stima imerudi kidogo, tutafanya zamu fupi. Naondoka kesho kwa basi la asubuhi. Nakuahidi hivi, Mwaitu: nitakuja kila mwisho wa mwezi, mvua iwe imekuja au haijaja. Hii ya sasa ikishindwa, tutatafuta mbegu nyingine na kupanda tena, chini kabisa. Sitakaa. Na siku utakapouliza, nami nitakuwa na la kukuambia.

Lala, mama yangu. Mpe Mutua salamu, kama huko mnaonana mkingoja.

Ila kuna kitu lazima nikuambie kabla sijafunga. Jana nilikwenda kukuaga, nikatazama shamba kutoka hapo ulipo. Mistari ya Baba imenyooka kama zamani, mahindi na kunde, amepima kwa kamba. Lakini kutoka miguuni pako hadi mlango wa jikoni ameacha ukanda haujapandwa, ambao mimi niliyeinamia mashimo siku nne sikuuona, upana wa mtu aliyebeba mzigo, unakata matuta yote katikati. Nikamwuliza kama ni njia ya kupitishia maji ya mvua. Akanijibu kwa Kiswahili, kile cha hasira:

"Na yeye akitoka atapitia wapi? Anikanyagie kunde?"

Binti yako,
Syombua