Baba Anasema Nyasi Bado Mbichi

Bay Minette, Alabama
Tarehe 20 Februari

Mpendwa kaka Thaddeus,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Alaska kwenye barafu? Mgongo wako je, na wanao hawajambo? Sisi tu wazima, ila Baba miguu imemgomea. Sasa ananituma hata kufungua dirisha, na nikichelewa ananiita bibi harusi.

Shangazi Ozella bado ananiuliza hiyo benki ya kinamasi dirisha la keshia liko wapi. Nimemweleza mpaka nimechoka: mtu akifukia kinamasi kule Mobile ajenge maduka, sharti alipie kinamasi kingine kitunzwe, na kinachotunzwa ni chetu. Anasema, "Haya, lakini ukienda kutoa hela nipitie."

Najua habari hiyo inakuuma, kaka. Ulikitaka kile kipande cha juu cha shamba ujenge, Baba akatia sahihi pasijengwe milele, ukaondoka bila kuaga. Sikulaumu. Nimekukumbuka tu, na nyumba imepoa.

Yale maua yetu yanayokula nzi yalistawi mwaka jana, yakasimama kama mitungi myeupe mpaka kwenye uzio. Sasa vichaka vimeanza kuyafunika. Dawa yake unaijua, ni moto, tena uwashwe kabla hayajachipua. Baba alikubali mkataba kwa sharti moja, siku ya kuchoma aichague yeye. Basi kila asubuhi Bi Renfroe, mkuu wa wachomaji wa benki, anasimama kibarazani kofia mkononi: "Mzee Hosea, leo vipi?"

"Nyasi bado mbichi. Subiri."

Thaddeus, nyasi zimekauka. Jana nilizishika mwenyewe zikavunjika, na upepo ni mzuri wiki nzima. Nikamwambia, "Baba, maua yatakufa, unangoja nini?" Akageukia ukuta. Akasema, "Mwenge wa kuchomea hushikwa na kifungua mimba. Mimi nilipewa na baba yangu."

Bi Renfroe anasema wiki ijayo machipukizi yatatoka, na hapo hachomi tena. Mzee atamwambia asubiri, namjua.

Curtis wangu anakusalimu, ukija atakupokea uwanja wa ndege. Mbusu Imogene na watoto. Mungu akufunike njiani.

Njoo, kaka. Huna haja ya kuomba radhi, wala yeye hataomba. Atakuambia tu kwamba nyasi zimekauka.

Dada yako akupendaye daima,
Verlene