Viza ya Kitindamimba

Jumapili, 25 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Mahubiri marefu – nilisinzia, Mungu anisamehe.

Wamekuja kula mchana kama kila Jumapili. Nilijua kuna jambo kwa sababu Elimringi aliosha vyombo. Mwanangu, miaka arobaini, bwana mifugo wa kata nzima, hajawahi kugusa sufuria yangu!

Aliyesema ni Marit, mkewe. Mama yake kule Norwe amepata kiharusi. Upande wa kulia wote umelala. Na Marit ni mtoto pekee. Basi wanataka kuhamia huko, wote wanne, kabla shule za kule hazijafunguliwa Agosti.

Wajukuu hawana shida, Kindness na Daniel wana pasi za kusafiria za Norwe kupitia mama yao. Marit anarudi kwao. Anayehitaji viza ni mmoja tu.

Wangu.

Nikasema, poleni sana na mama. Nikamwongezea Marit mtori kwenye bakuli. Basi. Miaka thelathini na nne ya kufundisha imenifunza pia kunyamaza.

Jumanne, 27 Mei

Elimringi kapita asubuhi na pikipiki, katoka kumzalisha ng'ombe wa Aikande, jirani yetu. Ndama mzima, ng'ombe mzima. Chai kanywa amesimama.

Anataka cheti chake cha kuzaliwa. Pasi aliipata zamani kwa kiapo tu, lakini ubalozini wanataka cheti chenyewe. Nikamwambia nitakitafuta.

Ninajua kilipo.

Ijumaa, 6 Juni

Leo wamekuja wote kukitafuta. Marit kaingia chini ya kitanda changu kwa magoti, katoa viatu vya marehemu mume wangu, Baba Isack, katoa chemli, katoa panya aliyekauka – hakupiga hata kelele. Kindness kafungua kila daftari kabatini. Elimringi kapanda darini.

Nami nikatafuta nao. Hilo ndilo linaloniuma. Niliinama, nikapangusa vumbi, nikasema "labda kilipotea tulipoezeka upya." Mimi! Niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo.

Kipo ndani ya sanduku langu, chini ya mashuka, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha kifo cha baba yao. Sandukuni hakuna anayeingiza mkono bila ruhusa yangu.

Niandike ukweli japo hapa. Elimringi ni kitindamimba. Kwa desturi yetu kihamba, shamba la ukoo, ni chake, nyumba hii ni yake, na mimi nimo humo humo, pamoja na kaburi la baba yake pale mgombani. Kaka yake, Isack, ana nyumba yake Mwanza. Dada yao, Winfrida, kaolewa Kahe, ananiambia niende nikakae naye. Kahe! Joto, mbu, na kukicha unatazama mlima kwa mbali kama picha ya kalenda.

Bila cheti hakuna viza. Bila viza hawaendi.

Au wanaenda watatu. Hilo la pili sikuliwaza mpaka nilipomwona Daniel leo amelala begani kwa baba yake.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikuwa kwao. Marit kampigia mama yake simu ya video, akaiegemeza kwenye kopo la sukari ili sote tuonekane.

Torunn. Tuliwahi kuonana mara moja tu, kwenye harusi. Mrefu, mwenye sauti, alicheza mpaka akavua viatu. Leo amekaa kwenye kiti cha magurudumu, mdomo umeanguka upande. Nywele zimechanwa nusu tu – ule upande ambao mkono mzima unafika. Nusu nyingine zimevurugika kama nyasi zilizolaliwa.

Mwanamke hana mtu wa kumchana nywele!

Hatuna lugha moja, yeye na mimi. Alisema maneno polepole, mate yakimtoka. Kindness akawa anatafsiri, kisha akanyamaza. Nikamwambia, sema, mjukuu wangu. Akasema: "Bibi anasema umsamehe, anakuchukulia watu wako."

Nikasema mwambie apone. Nikatoka nje kwenda kutazama kuku ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Jumapili, 15 Juni

Nimekitoa.

Baada ya ibada nilimwita Elimringi chumbani peke yake. Nikafungua sanduku, nikampa ule mfuko. Nikamwambia: hakikupotea, nilikificha. Nilisema nimesimama wima, kama ninavyowataka watoto waseme.

Akaugeuzageuza mfuko bila kuufungua. Akasema, "Najua, Mama. Nilikiona wiki iliyopita. Ulinituma nikuletee shuka la mgeni, umesahau?"

Nikamuuliza, mbona hukukichukua?

"Nilikirudisha. Nilitaka unipe mwenyewe."

Kisha akaniuliza kama kuna ndizi zilizobaki. Ndivyo alivyo. Baba yake mtupu.

Nililia baadaye, jikoni. Siyo sana.

Jumatano, 18 Juni

Loo! Cheti chenyewe kimeandikwa ELIMIRINGI. Pasi inasema ELIMRINGI. Karani wa mwaka 1985 alisikia anavyojua mwenyewe, nasi hatukuwahi kutazama. Herufi moja, basi Wazungu wataona watu wawili.

Tumeteremka Moshi mjini kwa wakili. Kumbe ni Priska, nilimfundisha darasa la nne! "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba, bado unaandika ukiwa umelala juu ya meza? Akacheka, akanivutia kiti.

Kiapo lazima nile mimi, mama mzazi. Kilikuwa kimechapwa tayari. Nikakisoma. "Mama mazazi." Nikaomba kalamu nyekundu. Elimringi akafunika uso kwa mikono. Priska akachapa upya.

Nikashika Biblia, nikaapa kwamba Elimiringi na Elimringi ni mtu mmoja, na kwamba nilimzaa mimi. Sauti ilikatika hapo kwenye "nilimzaa". Nikakohoa, ikaonekana ni vumbi.

Wiki mbili zilizopita nilidanganya ili asiende. Leo nimeapa ili aende.

Alhamisi, 3 Julai

Elimringi karudi kutoka Dar. Makaratasi yamepokelewa, lakini wanataka zaidi. Wanataka kujua kama ndoa ni ya kweli. Picha, na barua ya ndugu anayewafahamu.

Marit katandaza picha mezani – miaka kumi na moja. Katika kila picha mwanangu amesimama kama anapigwa picha ya pasi. Mikono kando, midomo imefungwa.

Nikauliza, hamna hata moja mmekumbatiana?

"Mama," Marit akasema, "alinikumbatia harusini, na mpiga picha alikuwa anabadilisha betri!" Akacheka mpaka machozi. Elimringi akatoka kwenda kuwasha pikipiki ambayo haikuwa na safari.

Barua nimeandika mimi. Rasimu tatu. Nimeandika kwamba Marit alipougua malaria akiwa na mimba ya Daniel, mwanangu alilala sakafuni kando ya kitanda wiki tatu, na asubuhi alimuosha miguu kabla ya kwenda kwa ng'ombe wa watu. Nimeandika kwamba mke hawezi kulala dirisha likiwa limefungwa, na mume hawezi kulala likiwa wazi, na baridi ya Julai huku kwetu Machame si mchezo. Kila siku wanagombana. Watu wasiopendana hawagombanii dirisha moja miaka kumi na moja – watu wasiopendana hulala vyumba viwili.

Sikuandika kuhusu mimi. Kwamba niliikataa ile ndoa. Kwamba mwaka mzima sikumtaja Marit kwa jina, nilimwita "yule". Mpaka asubuhi moja nikamkuta zizini kwangu, ng'ombe amempiga teke, tope mpaka kwenye nyusi, na ndoo ya maziwa ameikumbatia isimwagike. Nikamwambia, Marit, ingia ndani uoge. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Jumapili, 13 Julai

Hakuna jibu. Baridi kali. Daniel ananiuliza kama Norwe kuna migomba. Hakuna. "Sasa ng'ombe wanakula nini?" Swali zuri. Nimemwambia amuulize baba yake, ndiye mtaalamu.

Baba yake hakucheka. Kule atakuwa nani? Huku hapiti njia bila kusimamishwa: bwana mifugo, njoo umtazame huyu. Marit anasema ataanza na kujifunza lugha, kisha wataona. Arobaini, anaanza kusoma alfabeti upya. Hajalalamika. Ila nimemwona jana akimkuna ng'ombe wangu shingoni, muda mrefu, bila sababu.

Jumanne, 5 Agosti

Hakuna jibu. Shule za kule zinafunguliwa wiki mbili zijazo. Torunn kaanguka tena, bafuni.

Marit hataki kuondoka bila mumewe. Wamebishana hapa kwangu, mbele yangu, kwa mara ya kwanza. Elimringi akasema taratibu: "Mama yako hawezi kusubiri karatasi. Nenda. Mimi nitakuja." Marit akasema: "Na wakikunyima?"

Wanaenda watatu.

Jumamosi, 9 Agosti

KIA, uwanja wa ndege. Winfrida kaja kutoka Kahe na mchele kilo tano wa zawadi – tukautoa begini pale pale, uzito umezidi. Marit alitaka kuacha viatu vyake abebe mchele.

Alinisalimu kwa Kimachame, vizuri kuliko wajukuu zangu wa Mwanza. Kisha akanikumbatia, na hakuachia. Nikamnong'oneza: mchane mama yako nywele. Akasema ndiyo, Mama.

Kindness hakulia, ana kiburi kama mimi. Daniel alidhani baba anakuja na ndege ya nyuma. Hakuna aliyemwambia vingine.

Elimringi alisimama kwenye dirisha la kioo mpaka wakapotea. Mikono kando, midomo imefungwa. Niliitazama ile picha, nikatamani wale watu wa ubalozi wangekuwepo waione.

Jumatano, 20 Agosti

Amehamia kwangu. Anasema ni kwa ajili yangu. Anakula, anashukuru, anatazama simu. Analala dirisha likiwa wazi! Katika baridi hii! Nimeuliza. Kasema ameshazoea.

Ijumaa, 29 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi simu. Namba ya Dar. Mwanamke, Mtanzania, adabu nzuri. "Shikamoo, Mama. Naitwa Tabitha, napiga kutoka ubalozini, kuhusu ombi la mwanao." Nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Nikakaa juu ya mzigo wa majani.

Akauliza harusi ilifungwa lini, wapi, nani alifungisha. Nikajibu. Akauliza watoto walizaliwa wapi. Nikajibu. Kisha: "Mama, barua yako nimeisoma. Wewe binafsi uliikubali ndoa hii tangu mwanzo?"

Ndiyo. Neno moja tu, nalo lilikuwa kwenye ncha ya ulimi!

Lakini nimeshadanganya mara moja mwaka huu.

Nikasema, hapana, binti yangu. Sikuikubali. Nilisema yule mzungu atamchukua mwanangu. Upande wa pili nasikia anaandika. Nikasema: na sasa anamchukua, na mimi ndiye ninayekuombeni mruhusu. Nikasema, nina mwana nyumbani, anakula chakula changu, analala kwangu, na hayupo.

Akauliza: "Akiondoka, Mama, utabaki na nani?"

Nikamwambia hilo haliko kwenye fomu.

Nadhani alicheka. Au alikohoa. Akashukuru, akakata.

Elimringi aliporudi nikamweleza neno kwa neno. Nikamuuliza, nimekuharibia? Akasema, "Hapana, Mama." Lakini hakumaliza chakula.

Alhamisi, 4 Septemba

Ujumbe umeingia. Uamuzi umetoka, pasi ikachukuliwe Dar. Haisemi ndiyo, haisemi hapana. Watu gani hawa!

Marit kapiga, wote watatu wanaongea kwa pamoja. Nyuma yao nikamwona Torunn. Nywele zimechanwa zote, na amesukwa! Mabutu mawili kama mtoto wa shule, kazi ya Kindness.

Jumatatu, 8 Septemba

Elimringi aliondoka jana kwa basi la asubuhi, kalala kwa binamu yake. Miadi ni leo saa nane.

Nimekamua. Nimepeleka maziwa kituoni. Nimefagia uwanja mara mbili. Aikande kaja kuuliza, nikamwambia bado. Kaja tena, nikamfukuza.

Saa saba na nusu nimeingia chumbani kwake. Sijui nilifuata nini. Begi lake kubwa lilikuwa juu ya kabati, nikalishusha. Nikasema nitalipangusa vumbi tu.

Kisha nikaweka shati. Moja, la kanisani. Halafu na yale mengine. Soksi nimezikunja kwa jozi. Koti la mtumba nililomnunulia sokoni Kwa Sadala Jumamosi bila kumwambia, zito kama kondoo mzima – nilijiambia ni la baridi ya hapa. Vitabu vyake vya mifugo vyote viwili. Kahawa yetu, nimekaanga na kusaga, nimefunga kwenye mifuko mitatu kwa ajili ya harufu.

Wakiwa wamemnyima, nitavirudisha vyote kabatini kabla hajafika. Nani atajua?

Saa nane na nusu. Hajapiga.

Zipu imegoma. Koti hilo! Nimesukuma kwa magoti, wapi. Basi nimelikalia. Uzito wangu wote – na zipu imekubali, taratibu, mpaka mwisho.

Ningeinuka sasa. Lakini nahisi nikiinuka litafumuka. Kwa hiyo nimekaa hapa hapa juu ya begi la mwanangu, daftari magotini, simu pembeni.

Saa tisa na dakika kumi.