Sombe ya Kambo Asani

Feza mwana,

Niko naenda shambani Kasungami. Kambo yako Asani, babu yako, atarudi midi, saa sita, na njaa. Sombe ya majani ya muhogo iko mu bakuli ya vitre, ile ya kioo. Ni bakuli ile tu ndiyo uweke mu mikroonde, ile mashine mama yako alituma toka Bruxelles. Funika na sahani ya porcelaine, ya kauri, lakini acha nafasi kidogo, mvuke utoke. Bukari, ule ugali, inyunyizie maji mbele ya kuipasha. Mashine ikilia, koroga sombe, uirudishe tena, maana katikati inabakiaka baridi. Toa na kitambaa, bakuli inachoma.

~~Ukiogopa, washa tu makala mu mbabula.~~ Hapana, nimekata. Usiogope.

Asubuhi ulimupashia chakula mu sahani yake ya chuma, umeifunika na ingine, vile nilikufundisha kumuwekea mukubwa chakula. Ile ni heshima. Lakini hii mashine haipendi chuma, na hakuna mwenye alikuambia. Cheche zikaruka, Kambo akapiga kelele: "Unataka kutuchoma?" Ukalia, ukaapa hautamupikia tena hata siku moja.

Haya, kitendawili. Nani aliangalia mikono yako yote mbili, kama haikuungua, mbele hata ya kuangalia sahani yake? Wewe haukuona, machozi ilikuwa mingi. Mimi niliona. Jibu ndiye huyo utamupashia sombe midi.

Sahani ya chuma usiitafute. Nimeibeba na alama yake nyeusi, nitakula ndani yake leo.

Kambo yako mwanamuke