Vidonge vya Mbele ya Usukani

Mpendwa kaka,

Mpaka leo nikisikia lori la Fuso likipanda kuelekea Munigi, natoka mlangoni kuangalia. Kisha nakumbuka, nashtuka upya kama mtu aliyeambiwa asubuhi hii. Siamini, kaka. Wewe, uliyejisifu kwamba tangu uache bangi hujavunja sheria hata moja!

Unakumbuka mwaka wa volkano, tulipolala chini ya turubai kwa sababu nyumba ilifunikwa na lava? Wewe na wenzako mlivutia bangi nyuma ya mawe yaliyokuwa bado na joto, halafu ulirudi ukitafuna kitunguu ili mama asisikie harufu. Mama alisikia harufu zote mbili. Alilia, akafoka, wala hukujali. Rafiki yako alipotiwa jela ndipo ulipoacha, siku hiyohiyo. Ukaanza udereva, mgongo ukakusumbua, ukavijua vile vidonge vya kutuliza maumivu.

"Bangi ni ya kufungwa," uliniambia. "Hii inauzwa kwa farmasi, mapolisi wanaona. Mutu ataogopa dawa?"

Mgongo ulipona zamani, vidonge vikaendelea. Pakiti ilikaa wazi mbele ya usukani, karibu na tasbihi yako, na askari wa bariere, vile vizuizi vya barabarani, uliwagawia kama peremende: "Kamata, shefu, itakutuliza." Siku polisi walipochoma magunia ya bangi sokoni ulipiga makofi kuliko watu wote, huku ulimi wako ukiwa mzito kwa vidonge vya asubuhi. Nilikutania kwamba unashangilia ndugu wa vidonge vyako akiungua. Ulininunia mpaka jioni.

Kisha waasi wakashika barabara ya Bunagana. Ile safari ya mwisho nilikaa kando yako, tunarudi Goma na maharage yangu ya kuuza, tumeshakaribia Rumangabo. Dereva aliyetoka mbele alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Muchunge! Kule ku bariere wameleta sheria mupya. Vile vidonge sasa ni sawa na bangi. Wakikukuta navyo, wanakufunga."

Nilikuona ukibadilika uso. Vidonge vilikuwa vilevile vya asubuhi, pakiti ileile, lakini kwa mara ya kwanza uliifunika kwa mkono, kama kijana yule wa nyuma ya mawe. Tulipokata kona, kamba ilikuwa imefungwa barabarani na watu wenye bunduki walikuwa wanapekua gari la mbele yetu, hata chini ya viti. Ukavimwaga vyote mdomoni, ukanywa maji.

"Kaka, unafanya nini?"

"Acha, Zaina. Mu tumbo hawatatafuta."

Walitafuta kila mahali, hawakuona kitu. Wakalegeza kamba. Tulipopita ulicheka, ukaniambia, "Umeona? Mimi sina kosa."

Hatukufika mbali. Maneno yalianza kukushinda, ukasogeza gari pembeni, kichwa kikalalia usukani. Watu walitusaidia kukufikisha kwenye kituo cha afya. Muuguzi akauliza umekunywa nini, nami nikafungua mdomo kujibu. Ulikuwa na nguvu kidogo tu, kaka, na zote ulizitumia kunibana mkono.

"Usiseme. Watatufunga."

Nilisema. Nilipiga kelele hata nje wakasikia. Muuguzi alihangaika na wewe kwa kila alichokuwa nacho, lakini hukuamka.

Hilo ndilo linaloniacha mdomo wazi mpaka leo. Miaka yote niliyokuomba upunguze, ulinijibu kwamba serikali haijakataza. Siku waasi walipokataza, hukujiuliza vitafanya nini mwilini. Uliwaza tu wapi pa kuvificha. Nakukasirikia, halafu nakulilia, halafu nakukasirikia tena. Mama ananikuta nimekaa na tasbihi yako mkononi, naye anaketi kando yangu.

Kesho yake tulikurudisha Goma. Nilikuwa nimejiandaa kuwatukana wale watu wa bariere, liwalo na liwe. Hapakuwa na mtu. Walikuwa wamehama, na sheria yao wameondoka nayo. Kamba ilikuwa imelala chini kwenye vumbi, na gari lililokubeba likapita juu yake bila kusimama.

Pumzika, kaka. Hakuna anayekutafuta.

Mdogo wako,
Zaina