Uyoga wa Mama Mkwe

Jumanne usiku

Angalau angeniuliza kwanza! Mama mkwe ametutembelea hapa mtaani kwetu Lindi kutoka Kakamega, na leo mvua ilipoisha akaingia msitu wa Ngong ulio hapa jirani, akarudi na leso imejaa uyoga.

"Huu naujua," akasema. Kwao, sawa, anajua kila kichuguu chenye uyoga. Lakini huku? Na macho yenyewe, siku hizi hata sindano namtungia uzi mimi.

Tulikwaruza udongo, tukaupasua uyoga kwa mikono, tukauchemsha na munyu, ile chumvi ya majivu. Mmoja ulikuwa na shina tofauti. Niliutupa kimyakimya, nisimwaibishe. Na kama kulikuwa na mwingine…

Ulinukia vizuri sana. Watoto wakaleta sahani, akawafukuza. "Aliyechuma ndiye hula kwanza. Nyinyi mtakula kesho, nikiamka."

Akala peke yake, tena akaongeza. Sisi tukala sukuma wiki.

Sasa amelala nyuma ya pazia. Kila akikohoa, moyo wangu unatulia kidogo. Hapo awali aliniita: "Mama Brayo, wacha kunisikiliza. Lala."

Tangu hapo hajakohoa tena.